Ukoo wa Tansio: Tunarithi Nini Hasa Katika Vijiji vya Kivu?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akianguka ghafla na upande mmoja wa mwili ukapooza, majirani huuliza moja ya mambo mawili: ni nani aliyemfanyia hivyo, au kama kwao kuna tansio, yaani shinikizo la juu la damu. Swali la kwanza nawaachia wenye nalo. La pili ndilo linalonishughulisha, kwa sababu nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kati ya mji huu na vituo vya afya vya Kabare na Walungu, na sijasikia maneno yanayowatuliza watu vibaya kama haya: "Kwetu ni ya ukoo." Mtu akishayasema, amejipatia sababu ya kutopimwa. Kama ni ya ukoo itakuja tu, na kama si ya ukoo haitakuja. Yote mawili si kweli, lakini hayako mbali na ukweli kiasi cha kuchekwa, na ndiyo maana yanastahili kujibiwa kwa utaratibu.

Tuanze na kilicho kweli. Tansio hurithiwa. Uchunguzi wa mapacha na wa familia, uliofanywa katika nchi nyingi, unakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za shinikizo la damu baina ya watu wa jamii moja zinatokana na tofauti za jeni. Takwimu hiyo husomwa vibaya hata na wauguzi wenzangu. Haimaanishi kwamba nusu ya tansio ya mama fulani imetoka kwa wazazi wake na nusu nyingine imetoka jikoni. Inamaanisha kwamba ukiwachukua watu wengi wanaoishi pamoja, ukauliza kwa nini huyu ana 118 na yule ana 152, sehemu ya jibu iko kwenye jeni. Tena sehemu hiyo haidumu katika kiwango kimoja, bali hupanda na kushuka kufuatana na maisha ya watu hao. Katika kijiji ambacho wote wanalima mteremko ule ule na kula bugali na maharage yale yale, tofauti za jeni huonekana kwa uwazi zaidi, kwa kuwa mengine karibu yote yamelingana. Wahamishie nusu ya watu hao mjini, na hesabu nzima itabadilika bila jeni hata moja kubadilika.

Katikati ya karne iliyopita madaktari wawili wa Uingereza, Robert Platt na George Pickering, walibishana kwa miaka mingi juu ya jambo hili. Platt aliamini kwamba tansio ya kawaida husababishwa na jeni moja yenye nguvu, na kwamba kwa hiyo watu wamegawanyika katika makundi mawili, wenye nayo na wasio nayo. Pickering alipinga. Kwake shinikizo la damu lilikuwa kama kimo cha mtu: wapo wafupi, wapo warefu, na walio wengi wako katikati, wala hakuna mahali ambapo ufupi unakoma na urefu unaanza. Mstari wa 140 kwa 90 tunaoutumia leo tumeuchora wenyewe ili tujue ni nani wa kutibiwa, na mwili hauujui. Historia ilimpa Pickering haki. Mwaka 2018, watafiti waliochunguza DNA ya watu zaidi ya milioni moja walifikisha 901 idadi ya sehemu za jenomu (jumla ya DNA ya mtu) zinazohusishwa na shinikizo la damu, na mwaka 2024 uchunguzi mwingine wa ukubwa kama huo ukataja ishara zaidi ya 2,000. Karibu kila moja ya hizo hupandisha au kushusha shinikizo kwa chini ya milimita moja ya zebaki.

Kwa hiyo ule "ukoo wa tansio" unaotajwa kwenye matanga, kana kwamba kuna damu chafu upande mmoja wa kilima na damu safi upande wa pili, haupo. Kila ukoo umebeba mamia ya vibadala, yaani matoleo ya jeni yanayotofautiana kati ya mtu na mtu, vinavyopandisha na mamia vinavyoshusha, na kila mtoto huchota mchanganyiko wake. Ziko familia chache sana duniani ambazo jeni moja tu iliyoharibika huleta tansio kali tangu ujana, kama ilivyo katika ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari Liddle, ambapo figo hushindwa kuacha kuvuta sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi. Huko Afrika Kusini kuna kibadala kinachojulikana kwa alama R563Q, ambacho kiko kwenye mojawapo ya jeni hizo hizo za kupitisha sodiamu na kimehusishwa na tansio. Muuguzi akikutana na kijana wa miaka 20 mwenye tansio kali, na baba yake na dada yake wanayo pia, ni vema akumbuke mambo haya na kumpeleka hospitali kubwa. Kwa wengine wote, yaani karibu watu wote ninaowapima, hadithi ni nyingine.

Hadithi yenyewe iko kwenye figo na chumvi. Figo huchuja damu mchana na usiku, kisha huamua ni sodiamu kiasi gani irudishwe mwilini na ni kiasi gani kiende na mkojo. Damu ikipungua nguvu, figo hutoa kemikali iitwayo renini. Renini huanzisha mfululizo unaozaa anjiotensini, ambayo hubana mishipa, na aldosteroni, ambayo huamuru sodiamu na maji virudi. Ni mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya watu wanaotoka jasho na wasiopata chumvi kwa urahisi. Nyingi kati ya jeni za tansio zinazoeleweka vizuri zinagusa mahali fulani kwenye mfululizo huo, na watafiti wameona kwamba kibadala kimojawapo kinachosaidia mwili kuhifadhi chumvi, kilichopo kwenye jeni ya CYP3A5, huwapata watu wengi zaidi kadiri unavyoikaribia ikweta. Katika wagonjwa wa tansio wenye asili ya Afrika, renini mara nyingi iko chini, kumaanisha kwamba figo tayari zimeshikilia sodiamu na hazina haja ya kuitisha nyingine. Mwili wa namna hiyo hauna kosa lolote, bali ni mwekevu. Tatizo huanza pale chumvi inapokuwa nyingi na rahisi, kila siku, bila msimu.

Ushahidi wa jambo hili ninaoupenda kuliko wote umetoka kwa majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii karibu na Ziwa Viktoria, alichapisha vipimo vya watu wapatao 1,000 wa vijijini na kueleza kwamba tansio ilikuwa karibu haionekani, na kwamba shinikizo halikupanda kwa wazee kama lilivyopanda Ulaya. Miaka kama 60 baadaye, uchunguzi mkubwa wa kimataifa uitwao INTERSALT, uliochapishwa 1988 na kuhusisha vituo 52, ulikuta vituo vinne tu ambavyo watu wake walikula chumvi kidogo kabisa na kuwa na shinikizo la chini, na kimojawapo kilikuwa kijijini Kenya. Kisha, mwaka 1990, ukatoka uchunguzi uliowafuata Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Baada ya muda mfupi tu mjini, shinikizo la wahamiaji lilikuwa limepanda kuliko la waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, na walikuwa wameongezeka uzito. Hawa walikuwa watu wa jamii moja, wengine wa nyumba moja. Jeni zao hazikupanda basi na kubadilika njiani.

Kitu kama hicho nakiona kila ninapopima ndugu. Nakumbuka familia moja ya Walungu ambayo kaka mkubwa alibaki kwenye migomba ya baba, na mdogo wake akaja Bukavu kuendesha pikipiki kutoka Kadutu hadi Nyawera. Mkubwa hula bugali, maharage, lenga-lenga na ndizi, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anapopata fedha. Mdogo hula kwenye malewa, vibanda vya chakula, mara mbili kwa siku: makayabo, yaani samaki wa chumvi, ambayo hayakulowekwa vya kutosha, mchuzi uliotiwa kubu (vidonge vya kuungia mchuzi) mbili pale ambapo nusu ingetosha, na juu yake chumvi ya mezani, kwani ulimi umeshazoea. Siku waliyokuja pamoja kwa ajili ya mama yao mgonjwa, niliwaomba wakae nao wapimwe. Mkubwa, aliyekaribia miaka 50, alikuwa chini ya mstari. Mdogo alikuwa juu yake sana, na alipouliza sababu, mama akamjibu kabla yangu: "Umechukua tansio yangu, mwanangu." Nilimwambia, "Mama, ulichompa wewe ni figo zinazoipenda chumvi, na inawezekana ulimpa hata huyu mkubwa. Chumvi yenyewe wameikuta kila mtu kwake." Sidai kwamba watu wawili ni uchunguzi. Lakini nikiulizwa kijijini maana ya kurithi uwezekano bila kurithi ugonjwa, huwaeleza habari za ndugu kama hawa kabla ya kuonyesha mchoro wowote.

Kosa la kuiita tansio ugonjwa wa Mwafrika kwa asili limejibiwa vilevile kwa kulinganisha watu wa asili moja waliotawanyika. Richard Cooper na wenzake walichapisha mwaka 1997 vipimo vya watu wenye asili ya Afrika Magharibi: tansio ilikuwa asilimia 16 kwa walioko Afrika Magharibi, 26 kwa walioko visiwa vya Karibi, na 33 kwa walioko Marekani. Baadaye, 2005, walipolinganisha na watu wenye asili ya Ulaya, Wajerumani waliopimwa walikuwa na tansio zaidi kuliko Wamarekani weusi. Tofauti kubwa kiasi hicho kati ya watu wa chimbuko moja haiwezi kuandikwa kwenye hesabu ya jeni peke yake.

Sisi wa Kivu hatukuhitaji kwenda mbali hivyo kujifunza tahadhari hii. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watafiti wa Kibelgiji akiwamo François Delange walichunguza rovu katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu. Upande wa kaskazini shingo zilivimba kwa wingi, na upande wa kusini-magharibi kidogo tu, ingawa pande zote mbili zilikosa iodini. Mtu angeweza kusema kwa urahisi kwamba familia za kaskazini zina kasoro ya kurithi. Delange na Ermans walionyesha kwamba mkosaji mwenza alikuwa kwenye chakula, yaani muhogo, ambao huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kutumia ile iodini kidogo iliyopo. Naikumbuka habari hiyo kila ninaposikia ramani ya ugonjwa ikigeuzwa haraka kuwa ramani ya kabila. Ina fundisho la pili pia, la kutendea kazi: chumvi ndiyo inayotuletea iodini, kwa hiyo muuguzi wa Kivu hawezi kusimama kijijini na kusema "acheni chumvi" halafu akaenda zake. Tunachosema ni chumvi yenye iodini, lakini kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambazo hazijai kijiko cha chai, zikihesabiwa pamoja na zile zilizojificha kwenye makayabo na kwenye kubu.

Kuna urithi mwingine ambao haumo kwenye DNA lakini hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na hapa kwetu nauogopa zaidi. Ni njaa. Lwiro, katika Kabare, watoto wenye utapiamlo mkali wamekuwa wakitibiwa kwa miongo mingi, na baadhi ya waliopona walifuatwa hadi utu uzima. Watafiti walikuta kwamba watu hao hubeba mafuta mengi zaidi ya tumboni kuliko wenzao ambao hawakupitia njaa ile, na kwamba mkusanyiko wa hatari za moyo na sukari huwapata zaidi. Mtoto aliyezaliwa mdogo huwa pia na vichujio vichache kwenye figo zake. Ukoo uliokimbia vita mara kwa mara, wajawazito wake wakilala porini, unaweza kuonekana, miaka 40 baadaye, kama ukoo wenye jeni mbaya, hali ulichorithishana ni mimba zilizokosa chakula.

Jeni ya APOL1 nayo haina budi kutajwa, kwa sababu inavuruga wazo zima la jeni mbaya. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba vibadala vyake viwili, G1 na G2, vinavyopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, huongeza sana hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyepata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Figo zikiharibika, tansio hufuata. Lakini protini hiyo hiyo ndiyo inayotoboa na kuua vimelea vya malale katika damu yetu, na vibadala hivyo vilienea kwa sababu viliwasaidia waliokuwa navyo dhidi ya aina za malale zilizojifunza kukwepa protini ya kawaida. Hata hivyo msaada huo una mipaka: G2 imehusishwa na kinga dhidi ya malale ya mashariki mwa Afrika, ilhali katika malale ya aina ya gambiense, ambayo ndiyo ya Kongo, picha ni tofauti kabisa. Mababu walionusurika na mbung'o wametuachia deni kwenye figo, na sioni mantiki ya kuwalaumu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Karibu asilimia 79 ya watu walioingizwa katika uchunguzi wa jenomu nzima, kwa hesabu iliyochapishwa 2019, walikuwa na asili ya Ulaya. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani, lakini vipimo vya kutabiri ugonjwa kwa kujumlisha jeni vimejengwa juu ya watu wengine, na vikitumiwa kwetu hukosea zaidi. Mfano wa zamani unaonyesha vizuri. Mwaka 1992 kibadala cha jeni ya anjiotensinojeni (protini inayozaa anjiotensini), kiitwacho 235T, kilihusishwa na tansio katika familia za Utah na Paris. Kilipotafutwa kwa Waafrika, kilikutwa kwa walio wengi mno. Kitu kinachobebwa na karibu kila mtu sokoni hakiwezi kueleza kwa nini muuza mawese ni mgonjwa na jirani yake muuza sombe ni mzima. Nafuu ni kwamba kazi imeanza. Mradi wa H3Africa, wa kuchunguza jeni na afya za Waafrika, ulizinduliwa 2010, na ndani yake uchunguzi wa AWI-Gen umepima watu wa vijijini Nanoro (Burkina Faso), Navrongo (Ghana), Agincourt na Dikgale (Afrika Kusini), pamoja na wa Nairobi na Soweto. Karibu nasi zaidi, huko Kyamulibwa kusini-magharibi mwa Uganda, jamii ya vijijini iliyokuwa ikifuatwa tangu 1989 kwa ajili ya UKIMWI imetoa data ya jenomu za watu wapatao 6,400, iliyochapishwa 2019. Vijiji vya Kabare bado havimo kwenye orodha yoyote ya aina hiyo ninayoifahamu, ingawa maisha yake yanafanana na ya Kyamulibwa kuliko yanavyofanana na ya Utah.

Kitu kimoja kutoka kwenye elimu hii yote kimeshafika kwenye kabati la dawa, au kingepaswa kuwa kimefika. Kwa kuwa renini mara nyingi iko chini, dawa zinazofanya kazi kwa kuzuia mfululizo wa renini, kama kaptopril, zikitolewa peke yake huwashusha wagonjwa wetu kidogo kuliko zinavyowashusha wengine, na uvimbe wa hatari wa midomo na ulimi unaoletwa na dawa za kundi hilo hutokea mara nyingi zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Uchunguzi wa CREOLE, uliofanywa katika nchi sita za Afrika ikiwamo Uganda na kuchapishwa 2019, uliwagawa wagonjwa 728 katika makundi matatu ya dawa mbili mbili, na makundi mawili yaliyokuwa na amlodipini, dawa inayolegeza mishipa, ndani yake yalishuka vizuri zaidi kuliko lile lisilokuwa nayo. Amlodipini si dawa ghali. Pamoja na hayo, naendelea kukutana na wazee waliouziwa kaptopril wameze kimoja wanapoumwa kichwa, kisha waache hadi kichwa kitakaporudi. Tansio haina kawaida ya kuuma kichwa, na wengi wa walio nayo hawasikii chochote: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya wenye tansio duniani hawajui kama wanayo.

Hapo ndipo maneno ya ukoo yanapoweza kugeuzwa kuwa kazi. Mgonjwa akiniambia kwao ni ya ukoo, sibishani naye. Nachukua fishi yake, kadi ya matibabu, na kuandika: ni nani aliyepooza, akiwa na umri gani, ni nani aliyevimba miguu na kufa kwa figo, ni nani kati ya dada zake aliyepata tansio akiwa na mimba. Kisha namwomba awalete ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waliofikisha miaka 30, wale wa mjini kwanza. Kati ya watu wa namna hiyo nawakuta wenye tansio wengi kuliko ninapopima yeyote anayepita, na hakuna aliyelipia kipimo cha DNA. Kijana mmoja aliyesoma aliniuliza kama inafaa atume mate yake ng'ambo yachunguzwe. Nilimshauri anunue mashine ya kupimia yenye mkanda wa mkono wa juu, aache zile za kifundo cha mkono, na aiweke kwa mama yake ili watu wa avenyi (mtaa) nzima waitumie: wakae dakika tano kwanza bila kuzungumza, hasa waliopanda kilima na mzigo, mgongo ukiegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, wapime mara mbili, na namba waziandike.